Mkono wa Kushoto wa Fundi

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Yule binti wa mazoezi ya viungo wa hospitali amenitaka niandike kila siku mkono wa mzee umefanya nini. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi shule nimeiona kwa nje tu." Akasema, "Andika unavyoongea, mama, mimi nitasoma." Haya, naandika. Akikuta makosa ayameze.

Kuandika nilifundishwa na mzee mwenyewe, juu ya meza ya kukatia nguo, kwa chaki yake ya ufundi. Tulikuwa ndio kwanza tumeoana, na alikuwa amechoka kupima wateja huku akiandika peke yake. Kwa hiyo ninachojua sana kuandika ni kiuno, bega na urefu wa mguu. Hayo mengine najikaza kisabuni.

Mkono wenyewe ni wa kushoto. Tangu ile asubuhi kiharusi kilipomwangusha kwenye cherehani, umelala. Mguu umerudi nusu. Mdomo umerudi wote na nyongeza juu. Mkono bado.

Huyu binti wa mazoezi amepaka kucha rangi ya zambarau, nami nimempa jina, Kucha. Leo kamletea mzee mpira laini aufinyefinye. Mzee kautazama, kamtazama na yeye.

"Binti, mimi si mbwa wa kurushiwa mpira."

Nikacheka, Kucha akaninunia. Alipoondoka nikasema moyoni, huyu kazi hajui, anacheza tu.

Mtoto wetu wa kike, ndiye pekee anayekaa mji huu, alipita jioni. Kasema mvua zikikatika na mkono uko vile vile, chumba cha mbele anachoshonea mzee atampangisha muuza simu, cherehani iuzwe, na sisi tuhamie kwake. Hasemi kwa ubaya. Analipa dawa, anatuendesha kwenye gari lake, amechoka. Lakini mzee bila kile chumba cha mbele ni shati lisilo na mwenyewe. Mimi namjua. Atakaa kwenye kochi la watu, aseme asante asante, halafu afe kwa adabu.

Tarehe 3

Mvua. Mkono haukufanya kitu. Mdomo umefanya kazi ya watu wawili.

Tarehe 5

Mvua. Mpira nimeukuta uvunguni mwa kitanda, nyuma ya masanduku kabisa. Haukwenda huko wenyewe.

Tarehe 8

Leo kuna jambo. Redio ilikuwa inapiga muziki wa zamani, mzee kakaa mezani. Nikaona vidole vya mkono wa kulia vinacharaza ukingo wa meza, kila kimoja na zamu yake. Kisha akautazama ule wa kushoto uliolala mapajani, akaacha.

Ujana wake alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi ya mtaani. Aliliuza tukanunua cherehani ya kwanza, na sijawahi kumsikia akilililia.

Kucha alipokuja nikamvuta pembeni, nikamuuliza kama mgonjwa wa hivi anaweza kushika gitaa. Akaruka. "Mama! Vidole vya kushoto si ndivyo vinavyobana nyuzi? Mtafutie. Hata akilishika tu mapajani."

Nikamwona ana akili kidogo. Kidogo.

Tarehe 10

Nimekwenda lile duka kubwa karibu na stendi, linalouza kila kitu kuanzia friji mpaka soksi. Magitaa yananing'inia juu, katikati ya mafagio ya plastiki na baiskeli za watoto, mengine ya pinki yana nyota. Nikamwita mhudumu aniteremshie moja.

"Bibi, ni la mjukuu?"

"La mume."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaacha.

Sasa mimi sijui gitaa linachaguliwaje. Sufuria najua. Basi nikaligonga tumbo, nikalinusa, nikachungulia ndani ya tundu nione kama kuna mende. Kisha nikabana uzi mmoja. Mama yangu! Uzi uko juu ya shingo kama kamba ya kuanikia. Nimebana mpaka kidole kikachimbika mfereji, na sauti iliyotoka ni ya chura.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi mzima limenishinda. Mgonjwa atabana na nini, meno?"

"Ndiyo ya bei hii, bibi."

Nikamrudishia chura wake.

Tarehe 12

Duka la pili ni kubwa zaidi, watu wanaulizana njia humo ndani kama mjini. Gitaa lao liko ndani ya boksi, na juu ya boksi kuna picha ya msichana anacheka. Nikasema lifungueni nilione. Dada wa kaunta akasema, "Mama, boksi halifunguliwi kabla ya kulipa. Ndio utaratibu."

"Wa nani?"

"Wa kampuni."

"Hiyo kampuni ilipokwenda kuoa ilichukua mke bila kumwona uso?"

Akajiziba mdomo, mabega yakimtetema, lakini boksi halikufunguka. Nikanunua chumvi nisionekane mtembezi, nikarudi nimelowa chapachapa.

"Ulikuwa wapi?" mzee akauliza.

"Kununua chumvi."

"Asubuhi nzima?"

"Nilikuwa naichagua."

Tarehe 15

Viatu vya mzee vya kutokea vimeota ukungu. Nimevisogeza jikoni karibu na moto. Mito iko huko, mashuka yako huko, unga uko huko. Msimu huu kisichokaa karibu na jiko kinaota ndevu.

Tarehe 17

Nimemwambia ukweli wa chumvi.

"Gitaa la nini? Nilipige kwa miguu?"

"Basi nisindikize nikalitazame tu."

"Kwenye mvua hii?"

"Mwanao ana gari."

Nikamenya viazi vyote. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Magitaa ya madukani siku hizi hayana shingo iliyonyooka."

Nikajua kakubali.

Tarehe 19

Leo naandika sana, Kucha anivumilie.

Tumekwenda watatu, mimi, mzee na binti yetu, kwenye duka la mwisho, lile lenye matawi mpaka miji ya mbali. Vyombo vya muziki viko juu, na njia ya kwenda ni zile ngazi zinazotembea zenyewe. Mzee akasimama na mkongojo wake akizitazama kama mtu anayetazama mto uliofurika.

"Baba, kuna lifti kule nyuma," binti akasema.

"Nimeshadandia lori la bendi likiwa linatembea. Nishindwe na ngazi?"

Akashindwa. Tukapanda lifti pamoja na godoro la mtu.

Juu kulikuwa na muuzaji wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni. Kila tulikokwenda anakuja nyuma. Nikageuka. "Baba, hatuibi. Hili dude halifichiki ndani ya sketi."

"Najua, mama. Nangoja mniulize. Ni la mjukuu?"

"La huyu hapa."

Hakucheka. Hapo nikampa maksi. Akatueleza bila kuharakisha. Yale ya bei ya chini nyuzi zimekaa juu mno, yanavunja watu moyo kabla hawajaanza. Yale ya kwenye kabati la kioo ni ya watu wa jukwaani, hata yeye funguo hapewi. Katikati kuna haya, ubao wa mbele ni mmoja mzima, nyuzi za nailoni, laini kwa kidole. Nikabana. Kweli. Uzi ulishuka kama mtu mwenye adabu.

Mzee hakupiga hata moja. Aliinua kila gitaa kwa mkono wa kulia, akafumba jicho, akatazama kwenye urefu wa shingo vilevile anavyotazama pindo la suruali.

"Limepinda." Likarudishwa. "Na hili limepinda." Likarudishwa. "Hili limenyooka lakini lina tumbo la mlevi."

Nilidhani Miwani atakasirika. Kumbe uso ulikuwa unazidi kuchangamka. Akaingia stoo, akatoka na mengine. Mwisho mzee akashika moja rangi ya chai ya rangi, akalitazama, asiseme limepinda. Akaenda kukaa kwenye benchi la mbele ya kinanda.

Mkono wa kulia ulienda kwenye nyuzi wenyewe, haukutumwa. Kisha akauinua ule wa kushoto kwa huo wa kulia, akauweka juu ya shingo kama anaweka paka juu ya ukuta. Ukateleza. Akauinua tena. Ukateleza. Mtu mmoja mwenye kitoroli akasimama kutazama. Nikaona shingo ya mzee inavimba.

"Twendeni nyumbani."

"Baba, si lazima leo," binti akasema, kwa ile sauti ya wodini.

Mimi nikakaa benchini, upande wake wa kushoto, nikamsukuma kwa kiuno anipishe.

"Nionyeshe pa kubana."

"Wewe?"

"Kwani vidole vyangu vimekatwa?"

Akanitazama nikadhani atanifokea mbele za watu. Halafu akashika vidole vyangu kimoja kimoja akavipanga. Hiki hapa. Hiki hapa. Bana. Akacharaza, likalia kama mbuzi.

"Bana kama unamfinya mtoto mtukutu!"

Hilo nalijua. Nikabana. Sauti ikatoka, jamani, sauti nzima, ya mviringo, ikanipita kifuani. Akanipanga mkao mwingine. Akawa anasema "Hama," nami nahama, nachelewa, "Hama, mama, bibi harusi wa watu anasubiri kucheza," nahama. Kwa mikao miwili tu akatoa wimbo mzima. Mkono wake mmoja na wangu mmoja. Shavu langu lilikuwa begani kwake. Tangu tuoane hatujawahi kukaa hivyo mchana mbele za watu, tena watu wenye vitoroli.

Tulipoacha, Miwani alikuwa anafuta miwani yake kwenye shati. Binti alikuwa kaenda kutazama televisheni, na televisheni anazo mbili.

"Tunalichukua," mzee akasema.

Miwani akalifunga, akatupa na maneno ya kulitunza. Akasema lisipate unyevu. Kwa hilo asinifundishe, mimi na unyevu tuna vita vyetu.

Tarehe 21

Ncha za vidole zinaniwaka. Mzee ni mwalimu mbaya kuliko wote duniani. "Hama! Umelala?" Nimemwambia kesho nagoma.

Tarehe 22

Sikugoma.

Tarehe 24

Kucha ametukuta kwenye kazi. Nikadhani atasema mgonjwa ndiye anayetakiwa kubana, si mke. Hakusema. Aliuchukua mkono wa mzee ule uliolala, akaulaza juu ya wangu, vidole juu ya vidole. "Mama akihama, wewe baba msikilize tu kwa mkono. Usifanye kitu. Sikiliza." Alikaa mpaka chai ikapoa. Alipokuwa anaondoka nikamwombea mvua impishe njiani.

Tarehe 29

Mvua. Mkono uko juu ya wangu, mzito kama donge la unga. Haukufanya kitu.

Tarehe 31

Vivyo hivyo. Binti kapiga simu, muuza simu atakuja mwisho wa mwezi wa nne kupima chumba. Mzee alisikia. Hakupiga gitaa.

Tarehe 6, mwezi wa nne

Sijui nianzie wapi. Mvua haijakatika tangu juzi, kuta zinatoka jasho. Gitaa nimelishika asubuhi nikaona lina ubaridi wa chura. Nikalikalisha kwenye kiti jikoni, karibu na jiko la mkaa, pamoja na mashuka, nikaenda kupembua mchele.

Nikasikia "pa!" kama sahani imeanguka. Kukimbilia, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi kimebanduka upande mmoja, kimeinuka kama ukucha uliong'oka. Nyuzi zote zimelegea. Gundi imeyeyuka.

Nilikaa chini sakafuni. Mzee akaja na mkongojo wake, tok, tok, tok.

"Umelifanya nini?"

"Nililiweka liote moto."

"Gitaa?"

"Kila kitu nakiweka kiote moto! Nimeweka mashuka, nimeweka viatu vyako, nimekuweka wewe mwenyewe!"

Alitazama. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alirudi kulala na viatu miguuni, akaupa ukuta uso. Ndivyo alivyolala wiki ile ya kwanza alipotoka hospitali.

Tarehe 7

Nimelibeba mpaka dukani, risiti mkononi. Miwani akasema siku za kurudisha bado zipo. Akalitazama, akauliza, "Limebanduka lenyewe?"

"Hapana. Nimelichoma na jiko."

Akafumba macho. "Mama. Ungenyamaza ningelibadilisha."

"Ulitaka nikudanganye?"

"Sikutaka. Lakini sasa siwezi. Nilisema lisipate unyevu wala joto."

Kumbe alisema na joto. Mimi siku ile nilikuwa namtazama mzee, sikusikia la pili.

Nikambembeleza. Nikamweleza habari ya mkono, ya chumba cha mbele, ya muuza simu. Alinisikiliza yote, akasema pole, na bado akakataa. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia ana moyo wa kabati, tena lile la kioo lisilo na ufunguo. Alilegeza nyuzi, akapitisha kidole kwenye ubao. "Mbao haijapasuka. Ni gundi tu. Nunua ile nyeupe ya maseremala, ikwangue ya zamani iishe, ubandike, uweke kitu kizito juu. Na ukae siku mbili bila kuligusa."

Niliondoka bila kuaga. Gundi nimenunua, kwa hasira.

Tarehe 8

Asubuhi niliweka gitaa juu ya meza ya kukatia, chumba cha mbele. Nikaanza kukwangua gundi ya zamani kwa kisu. Mzee akasikia, akaja akasimama mlangoni.

"Unalichinja?"

"Natengeneza."

"Kwa kisu cha vitunguu?"

Akavuta kiti. Akanipokonya kisu, akataka kile kidogo cha kufumulia mishono, akakwangua mwenyewe kwa mkono wa kulia, mimi nimeshikilia. Amekwangua taratibu, anapuliza, anakwangua. Akapaka gundi. Akaweka kibao pale pale kilipokuwa, na alama ilikuwepo. Sasa kitu kizito. Nikafikiria mawe, nikafikiria sufuria la maji. Akasema, "Pasi."

Pasi yake ni ya mkaa, ile ya zamani, chuma kitupu. Ikiwa baridi hata mimi naibeba kwa mikono miwili. Nikaifunga kitambaa, nikainyanyua, nikaanza kuishusha. Lakini kibao kikawa kinateleza juu ya gundi. Mzee anakizuia upande mmoja, kinakimbilia upande wa pili. Anahamia upande wa pili, kinakimbia huku. Na mimi nimening'iniza pasi hewani, naona itaniponyoka ipasue kila kitu.

"Shika na huo mwingine!"

Nilimkemea kama zamani. Kama zamani kabisa, kabla ya kiharusi, wakati akiniachia kitambaa kinaburuzika chini. Miezi yote hii nimekuwa namwongelesha kama yai. Lilinitoka tu.

Na yeye, kwa hasira, akashika. Mkono wa kushoto ulitoka mapajani, ukapanda mezani, ukaja kama kaa mzee anayejivuta, ukafika, dole gumba likakaa upande wa kibao na likabana. Likabana! Niliona ukucha unageuka mweupe.

"Shusha basi!" akanifokea. "Mpaka lini?"

Nikashusha. Pasi ikakaa sawa. Sote wawili tukawa tunatazama ule mkono.

Naogopa nikiandika sana utasikia urudi kulala. Basi.

Tarehe 9

Haturuhusiwi kuligusa. Tumekaa tunalitazama na pasi yake tumboni, kama wagonjwa wawili wanaomtazama wa tatu. Mkono nimemwomba afanye tena. Umekataa. Nimemwita majina yote mabaya ninayoyajua. Dole gumba likacheka, yaani lilicheza kidogo. Mzee naye akacheka.

Tarehe 10

Tumetoa pasi. Kimeshika. Sauti ni nzito kidogo kuliko mwanzo, mzee anasema sasa linaongea kama mtu mzima. Nimempigia Kucha simu nikamweleza habari ya dole gumba. Alipiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. Kwa kelele hizo nimejua jambo. Ile siku ya mpira hakuninunia kwa sababu nilicheka, alikuwa anahofia mkono usirudi. Nilimsoma vibaya yule mtoto.

Tarehe 14

Jua dogo. Mkono juu ya wangu umekuwa mwepesi.

Tarehe 18

Nilikwenda kwa Miwani. Aliponiona alishika meza.

"Baba, nimekuja kukwambia kitu," nikasema. "Ungelibadilisha lile gitaa, mkono wa mume wangu ungekuwa bado umelala. Ulinikatalia, ndio tukalitengeneza wenyewe, na mkono ukashika. Moyo wa kabati nimeuondoa. Wewe ni mwanangu sasa, utake usitake."

Akasema anataka. Nikanunua seti ya nyuzi za akiba, na boksi alilifungua bila kuombwa.

Tarehe 26

Muuza simu alikuja na futi yake na binti yetu. Mzee alikuwa ameketi kwenye cherehani tangu nimwashie redio. Hakusema anafanya nini, nami sikuuliza, nilijifanya nafagia.

Yule ndugu akaanza kupima ukuta. Mzee akaingiza kitambaa chini ya sindano, mkono wa kulia mbele, wa kushoto ukafuata nyuma, vidole vitatu vimelala juu ya nguo, vinaisukuma. Akakanyaga. Mshono ulikwenda kama njia ya mlevi anayerudi kwake, lakini ulikwenda, na ulifika.

"Ndugu," mzee akasema bila kuinua kichwa, "hapo unapopima ndipo anaposimama mteja. Kama hukuleta suruali, toka nje unanizibia mwanga."

Yule mtu akamtazama binti. Binti alikuwa anatazama vidole vile vitatu. Alipiga magoti pale sakafuni na nguo zake za ofisini, akaushika mkono wa baba yake, akaugeuza huku na huku kama mtu anayetafuta bei.

"Baba, huu umeanza lini?"

"Muulize mama yako. Yeye ndiye anayeandika."

Muuza simu tulimpa chai, mtu mwenyewe hakuwa na kosa. Kaondoka kaahidi kuleta suruali mbili. Binti alibaki mpaka jioni. Mlangoni akaniambia, "Mama, nilikuwa naogopa mtaanguka nyote wawili humu ndani na mimi niko kazini." Nikamkumbatia. Miezi yote hii nimemwona kama mtu anayetaka kutuhamisha. Kumbe alikuwa halali usingizi. Usiku huu atalala. Na mimi pia, jamani, na mimi pia.

Tarehe 3, mwezi wa tano

Kucha kapima mkono kwa kile kidude chake cha kufinya. Kasema haujarudi wote na huenda usirudi wote, lakini wa kufanyia kazi tunao. Nimempa kitambaa cha zambarau, cha kufanana na kucha. Mzee atamshonea, akivumilia mishono ya kilevi.

Tarehe 11

Mvua zimekatika. Tumefungua madirisha yote, mashuka yako nje.

Jioni tumekaa kibarazani na gitaa, kama kawaida, mimi kushoto, vidole vyangu shingoni, mkono wake juu ya wangu. Sasa tuna mikao mitano. "Hama," akasema, nikahama. "Hama." Nikahama. Jirani akasimama uchochoroni na ndoo yake.

Katikati ya wimbo nikasikia kidole chake kinachimba chini ya changu. Nikadhani kimeteleza, nikabana zaidi. Kikachimba tena. Kisha akanipiga kofi dogo mkononi, pa, kama unavyomfukuza mtoto kwenye sukari.

"Toa mkono, mama. Unanikosesha."

Nikautoa. Akabana mwenyewe. Uzi mmoja ulikwama, mwingine ulilia, na kidole cha mwisho kilichelewa sana kufika. Alipokosea alirudia, hakuniomba. Jirani kaweka ndoo chini.

Nami nimekaa pale, mkono wangu mapajani, vidole vimeota sugu na havina kazi yoyote. Nimeviangalia. Sijawahi kufukuzwa kazi nikafurahi hivi.